Usianzie Kati: Nilivyosoma The Dresden Files Nikiwa Mji wa Kale

Kitabu cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha saba katika mlolongo wa riwaya za The Dresden Files, na sikujua. Ilikuwa mwisho wa mwaka 2019, natoka kazini, nikapita kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini upande wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Nikaona jalada lenye mwanamume mrefu, koti refu, fimbo mkononi na kofia iliyomfunika macho. "Dada, chukua hiki, mia mbili tu. Ni polisi na uchawi," muuzaji akaniambia. Riwaya za upelelezi nazipenda tangu shule ya upili. Nikatoa mia mbili, nikaenda zangu.

Nawaandikia walio na hamu ya kuanza mlolongo huu, kwa sababu mimi nimepoteza pesa, nimejiharibia siri kubwa ya hadithi kwa mkono wangu mwenyewe, na mara moja nusura bibi yangu anitoe nje na kitabu changu.

Kwa wasiomjua, Harry Dresden ni mwanamume wa Chicago, Marekani, aliyejiandikisha kwenye kitabu cha simu kwa kazi ya "wizard", yaani mtu wa nguvu zisizo za kawaida, na katika orodha hiyo yuko peke yake. Ana ofisi, kodi humshinda, na polisi humwita wakikuta maiti iliyokufa kwa namna isiyoelezeka. Anayemwita ni Karrin Murphy, afisa anayeongoza kitengo kinachotupiwa kesi zisizotakiwa na askari wengine. Mwandishi wake ni Jim Butcher. Riwaya ya kwanza, Storm Front, ilitoka mwaka 2000, na ya 17, Battle Ground, ikatoka 2020. Kofia ile ya jaladani msiitafute ndani, Harry hana kofia.

Nilichonunua mimi kiliitwa Dead Beat, cha mwaka 2005. Wapo wanaoshauri mtu aanzie hapo hapo, kwa kuwa mwandishi anarudia kumtambulisha kila mhusika. Mimi siwaungi mkono. Nilitambulishwa, ndiyo, lakini kama mgeni anayefika harusini siku ya tatu. Watu wanalia, wanacheka, wananuniana, na wewe huna kisa. Niliona ndugu wawili wakiishi chumba kimoja nisijue walivyogundua kuwa ni ndugu. Nilipokuja kukisoma kitabu cha sita baadaye, jambo ambalo lingenishtua lilinipita kama tangazo la jana.

Hata hivyo kitabu kile kilinishika, na kilichonishika ni ngoma. Humo mna watu wanaofufua maiti, na sheria yao ni kwamba maiti haitii bila mdundo unaofanana na pigo la moyo. Ngoma ikinyamaza, aliyefufua hana tena mamlaka. Na kadiri maiti ilivyo ya kale, ndivyo nguvu zake zinavyozidi. Nilikisoma usiku, nikakumbuka udogoni Kisauni, nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi, ngoma ya pepo ikipigwa hadi alfajiri, na shangazi akitukataza kupita mlango ule. Pepo wale nao hawakuwa wakija pasipo mdundo wao. Mwanamume wa Missouri aliyajuaje haya? Nani anafufuliwa mwishoni siwaambii. Mkifika hapo mtanikumbuka.

Basi nikataka vyote, tangu cha kwanza, na haraka ndiyo iliyoniponza.

Cha kwanza nilitumiwa na mfanyakazi mwenzangu kwenye simu. Ilikuwa nakala ya wizi, naungama. Sura ya tisa ilikuja baada ya ya kumi na moja, kurasa nyingine zilikuwa zimekatwa pembeni, na nilikuwa nikisoma ndani ya matatu ya kwenda Kilindini, jua linapiga kioo. Nilifika mwisho nisielewe muuaji aliuaje. Ilinibidi ninunue kitabu chenyewe na kuanza upya, hivyo sikuokoa senti.

Nilipokisoma sawasawa bado hakikunifurahisha sana, na hapa nawaomba subira. Butcher alikiandika akiwa kijana wa miaka 25, mwanafunzi wa uandishi katika chuo kikuu cha Oklahoma. Amekuwa akieleza kwamba alichoka kubishana na mwalimu wake, akaamua kufuata kila alichofundishwa ili amwonyeshe jinsi kazi itakavyokuwa mbovu, na matokeo yake ndiyo Storm Front. Unauona ugeni huo. Cha pili, Fool Moon, kina watu wanaogeuka mbwa-mwitu wa aina nyingi mno, kila aina na kanuni zake. Vitabu hivi viwili ni vya kuvumilia. Cha tatu ndipo mlango unapofunguka, na kama ningemsikiliza rafiki yangu aliyekata tamaa kwenye cha pili, ningekosa kila nilichokuja kukipenda.

Kosa lililoniuma zaidi ni la Side Jobs. Ni mkusanyiko wa hadithi fupi, nikaupata kwa shilingi 150. Nikajiambia hadithi fupi ndizo za kusoma njiani, hazina mpangilio. Zina mpangilio! Ya mwisho inaanza muda mfupi tu baada ya mwisho wa riwaya ya 12, Changes, na inasimuliwa na Murphy mwenyewe. Aya chache za kwanza zikaniambia jambo ambalo wasomaji wa mwaka 2010 walilisoma mikono ikitetemeka. Mimi nimeketi kwenye matatu, mbele yangu mtu ana gunia la nazi, na nimeshajua. Miezi mingi baadaye nilipokifikia Changes chenyewe, nilisoma ukurasa wa mwisho kwa macho makavu, na hilo bado linanisikitisha. Side Jobs isomwe baada ya Changes, si kabla.

Kisha nikaagiza kutoka nje, kupitia wakala, kitabu kinene kiitwacho Wizard for Hire. Shilingi 1,400. Nilidhani ni riwaya ambayo wengine hawaijui. Kumbe ni zile tatu za kwanza zilizojalidiwa pamoja, na mbili tayari nilikuwa nazo. Ukiona jina lisilo katika orodha ya riwaya, uliza kilichomo kabla ya kutuma pesa.

Ushauri mwingine ni daftari. Kuna White Council na kuna White Court. La kwanza ni baraza la watu wa kazi ya Harry, la pili ni koo za wanyonyaji wanaojilisha hisia za binadamu. Nilivichanganya kwa kurasa kama mia moja hivi, nikidhani wakubwa wa Harry ndio wanaomwinda. Nikachukua daftari la mistari nikaligawa. Ukurasa wa Red Court wanaonyonya damu, ukurasa wa White Court, ukurasa wa Black Court walio maiti kabisa, na kurasa mbili za viumbe wa Kiangazi na wa Kipupwe na malkia zao. Wale wa mwisho huitwa Sidhe, na hutamkwa "shii". Nilikaa mwaka mzima nikiwatamka vibaya.

Sasa niwaeleze ya bibi.

Ramadhani ya 2020 ilitukuta na korona. Tarehe 6 Mei serikali ikafunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka. Misikiti ilikuwa imefungwa tayari, tarawehe twaziswali nyumbani, na kafyu ikianza saa moja usiku. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na bibi, mama yake mama. Ofisi ilikuwa imetupunguzia mshahara. Mchana nalala, usiku baada ya futari nasoma, na vitabu vyangu nimevificha chini ya godoro kama mtoto mwizi wa sukari. Kuvificha ndilo lililokuwa kosa. Siku alipoligeuza godoro akaviona, nilikuwa nimeshahukumiwa kabla ya kufungua mdomo.

"Wasoma nini weye?"

"Hadithi tu, bibi."

"Hadithi ya nini?"

"Ya mchawi mmoja wa Marekani."

Neno hilo moja likaniangusha. Kwa Kiingereza "wizard" anaweza kuwa mtu mwema. Kwetu mchawi hana wema. Mchawi ni anayeua, anayefukua makaburi, anayekula watu. Nilitafsiri bila kufikiri, nikamwingiza mla watu nyumbani kwa mwanamke aliyefunga.

"Mchawi? Ndani ya nyumba hii? Mwezi huu?" Hakupaza sauti. Angepaza ningeona nafuu. "Toa."

Nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, nikavisukuma chini ya baraza ya mlangoni. Mei ni masika. Asubuhi maji yalikuwa yameingia, na Dead Beat yangu ikawa imeshikana kurasa kama thelathini za katikati, hazijaachana mpaka leo. Nililia, nikijua fika kwamba watu mtaani wana msiba wa kweli na mimi nalilia karatasi.

Idi ilikuja, twaswali sebuleni. Siku mbili baadaye, tukila mahamri na mbaazi, bibi mwenyewe akauliza: "Yule mchawi wako, ni mchawi gani asiyeweza kulipa kodi?" Siku za nyuma nilikuwa nimemtajia kwamba kuna mtu kitabuni anadaiwa kodi kila mwezi.

Nikamweleza. Nikamwambia watu wa kazi ile wana sheria saba, na ya kwanza ni kutoua mtu kwa nguvu hizo. Anayeivunja hukatwa kichwa kwa upanga na walinzi wao. Na Harry mwenyewe, alipokuwa kijana, alimuua mwalimu wake akijitetea, akaponea chupuchupu, na tangu hapo yuko chini ya macho.

"Basi huyo si mchawi," akasema. "Na mganga pia siye, mganga hutibu. Mwite jina jengine." Tukakubaliana Bwana Fimbo.

Hapo ndipo nilipoanza kuvisoma vitabu hivi kwa kweli. Jioni, mlango umefungwa kwa kafyu, nikawa namsimulia kwa Kiswahili nilichokisoma mchana. Ukimsimulia mtu kitabu ndipo unapogundua hukukielewa. Bibi alikuwa akinisimamisha: "Ngoja, alijuaje?" Nami nirudi ukurasani nitafute. Fumbo la Storm Front, lile la wafu waliopasuka mioyo, nililielewa mara ya tatu, siku nilipolazimika kumfafanulia.

Maneno alinipa yeye. Wa Red Court aliwaita mumiani papo hapo. Udogoni mwao Mombasa watoto walitishwa na mumiani wanaokamata watu usiku kuwatoa damu, kwa hivyo hakuhitaji maelezo. Viumbe wa Kiangazi na Kipupwe hawawezi kutamka uongo lakini hukufunga kwa ahadi na madeni, na ukipokea zawadi yao umekwisha. Bibi akasikiliza, akasema, "Hao ni wafanyabiashara," akaendelea kuchambua mchele.

Kilichompendeza zaidi ni kizingiti. Katika vitabu hivi, nyumba waliyokaa watu wa familia hujenga nguvu mlangoni. Kiumbe mbaya haingii bila kukaribishwa, na hata Harry akivuka bila kuambiwa karibu, nguvu zake nyingi hubaki nje. Chumba cha kukodi cha mwanamume anayeishi peke yake kizingiti chake ni dhaifu, na Harry analijua hilo kuhusu kwake. Bibi alisimama, akaenda mpaka mlangoni petu, mlango wa mbao uliochongwa ambao yeye, mamake na mamangu wote wamezaliwa nyuma yake. Akaweka kiganja. "Kwani hodi ni ya nini?" akaniuliza. Mimi nimepiga hodi maisha yangu yote nikidhani ni adabu tu.

Na kuna kanuni nyingine niliyomsomea neno kwa neno. Harry hutumia maneno ya lugha asiyoizoea anapofanya kazi yake, ili akili yake isiungue na nguvu anazoziita. Bibi alikaa kimya, halafu akasema kwamba hata akina fulani aliowaona zamani walikuwa wakisoma maneno wasiyoyajua maana. Nami usiku ule nikatambua kwa nini vitabu hivi vilinitisha kidogo tu nilipovisoma kwa Kiingereza, na vikanitisha sana nilipovisema kwa Kiswahili mbele ya koroboi. Maana stima nayo ilikuwa ikipotea. Harry hukaa gizani vilevile, na mishumaa, jiko la kuni na sanduku la barafu, kwa sababu mitambo huharibika akiikaribia. Hana hata maji ya moto ya kuoga.

Kitabu cha tatu, Grave Peril, kilileta Michael Carpenter. Ni fundi seremala, anajenga nyumba, ana mke na watoto saba, na ana upanga wenye msumari wa msalaba ndani yake. Hampigi mtu anayeweza kutubu. Niliogopa kulitaja la msumari. Bibi akasema, "Hilo la msumari ni imani yao. Lakini mtu huyu aswali, ana haya, na alisha wanawe kwa jasho." Tangu siku hiyo kila jioni swali lake la kwanza lilikuwa, "Seremala yuwapi?" Kitabu kisichokuwa na seremala alikisikiliza kwa adabu tu.

Niwe mkweli kuhusu lisilonipendeza. Harry ndiye msimulizi, na kila mwanamke akiingia mlangoni kwanza tunaelezwa umbo lake. Mara moja utavumilia, mara ishirini unachoka. Storm Front inaanza na wawili waliofia kitandani hotelini, na kisa cha sita, Blood Rites, kinazunguka upigaji wa filamu chafu. Kwa bibi niliviruka, nikasema "walikuwa wakipiga picha." Vitabu hivi si vya watoto, hata mtoto awe amemaliza hadithi zote za watoto wachawi. Mpwa wangu wa miaka kumi na moja aliniomba, nikamkatalia, bado amenuna.

Mji ulipofunguliwa mapema Juni, na njia za kutoka kaunti zikafunguliwa Julai, nikaanza kuagiza vilivyobaki kutoka Nairobi, vikija kwa basi kama kifurushi. Kimoja kati ya shilingi 1,000 na 1,300, usafiri juu yake. Kwa mwaka mmoja na nusu nimetumia karibu shilingi 17,000, na kwa karani aliyepunguziwa mshahara hizo ni nyingi. Kuna mwezi nililipa bili ya maji kwa kukopa. Ningeanza leo ningetafuta watu watatu tununue kwa zamu.

Ila kuna jozi mbili za kununua pamoja bila kujadili. Changes na kinachofuata, Ghost Story, la sivyo utakesha. Na Peace Talks pamoja na Battle Ground. Hivi viwili vilikuwa kazi moja iliyokatwa katikati, ndiyo maana kimoja kilitoka Julai 2020 na cha pili Septemba mwaka huo huo. Peace Talks hakiishi, kinasimama tu. Mimi nilikuwa na kimoja, cha pili kikachelewa wiki saba, na bibi aliniuliza kila jioni kama basi limefika.

Battle Ground nilikisoma mwaka 2021. Asiyetaka kujua chochote aishie hapa.

Kuna mtu anakufa humo. Nilikuwa nimekaa naye vitabu kumi na saba. Nilikifunga kitabu, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Jioni bibi akakaa mahali pake, kanga begani, akangoja. Nikamwambia nimechoka, tuache mpaka kesho. Alinitazama.

"Seremala?"

"Seremala mzima, bibi."

"Alhamdulillahi." Akanyamaza kidogo. "Basi ni nani?"

Nikamwambia. Alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaniuliza kama Bwana Fimbo alikuwepo, na kama alimshika mkono, na nani alimzika. Nikachukua kitabu nikaanza kumsomea, kwa Kiswahili, pole pole, tangu pale mlango ulipofunguliwa.